Nilivyojitangaza Mwenyewe Kuwa Mwizi wa Mbuzi

Hii aibu nitaisema mwenyewe, kwa sababu huko Emali wameiongezea chumvi mpaka wanasema nilifungwa pingu, na mimi pingu sijawahi kuzivaa. Nilifungiwa geti tu. Na vilivyonisaidia kufungiwa ni vidole vyangu hivi hivi.

Kijana wangu Kyalo alikuwa amepata msichana wa Matiliku, Mutheu, mwalimu wa chekechea, na sisi Wakamba mnatujua, bila wale mbuzi wa kwanza wa kuposa, tunaowaita wa ntheo, hata mkae pamoja mpaka mzeeke huyo bado ni msichana wa kwao. Baba yake Kyalo alishatuacha, Mungu amlaze pema, kwa hivyo mbuzi nilienda kutafuta mwenyewe soko la Emali, nikawapata kwa Abdi, ambaye tumenunua kwake siku nyingi, mbuzi watatu safi, hakuna kilema, hakuna sikio lililochanika. Nikafurahi, na mimi nikifurahi lazima kila mtu ajue. Nikampa mama mmoja wa mboga simu anipige picha na mbuzi wangu, Abdi kando ameshika kamba, nikaiweka mtandaoni wazi kwa watu wote, na mahali nilipo, na siku ya safari: “Jumamosi tuko Matiliku, wenye roho mbaya mtajua hamjui.” (Hayo ya mwisho hayakuwa na haja, nakubali.)

Jumamosi asubuhi tuko ndani ya pickup, mbuzi nyuma, wazee wetu wamevaa makoti, kwa grupu ya akina mama wa kanisa ukaingia ujumbe: “Mwizi wa mbuzi aonekana Emali. Fungua uone sura yake. Sambaza kabla hajafika kwenu.” Chini yake kulikuwa na linki. Sasa bando yangu ilikuwa inaisha, na sura ya mwizi mimi ningeifanyia nini, si mwizi ni mwizi tu? Nikautuma moja kwa moja kwa grupu ya wakwe, ile Kyalo alifungua ya pande zote mbili, na juu yake nikaongeza yangu: “Wakwe zetu, kaeni macho. Mtu kama huyu hata akija na wazee asifunguliwe geti.” Nikarudisha simu kwa kiondo nikaendelea kuimba.

Tulipofika geti lilikuwa limefungwa. Ng'ambo alikuwa amesimama Mzee Mutua, baba yake Mutheu, na ndugu zake, na hakuna aliyecheka.

“Mama Kyalo, tumesoma ujumbe wako.”

“Mmeona, mzee? Dunia imeharibika.”

“Na tumeufungua,” akasema, akanipitishia simu juu ya geti.

Nilikuwa mimi. Mimi na leso yangu ya maua na mbuzi wangu watatu, na chini yake watu nisiowajua wananitukana. Kuna ukurasa unaojiita wa habari za mtaa, kazi yake ni kuokota picha za watu na kuzipikia uongo, na yangu niliwaachia barabarani.

“Mama,” Kyalo akaniuliza polepole, “kwani hukuifungua?” Nilimwangalia macho yake nikaumia kabisa, kwa sababu kwetu mbuzi wa ntheo wakirudishwa, hiyo ndoa imekufa, na Mzee Mutua alikuwa ameshasema hapeani msichana kwa mbuzi wa wizi.

Majirani walikuwa wameshajaa barabarani na simu zao juu wakinirekodi. Wazee wetu wakaninong'oneza turudi nyumbani, tuje mwezi mwingine mambo yakipoa. Nikawaambia nyinyi rudini, mimi na mbuzi tunabaki. Nikampigia Abdi, nikaweka spika, akasema wazi hao mbuzi walikuwa wake na yeye ndiye ameniuzia. Mzee Mutua akatikisa kichwa: “Hiyo ni sauti tu. Inaweza kuwa ya binamu yako.” Niliudhika, lakini alikuwa na haki, yeye angalau alikuwa anauliza.

Ndipo Mutheu akatoka nyumbani, na siku kama hiyo msichana hatakiwi kutoka mpaka aitwe. Alikuwa ametafuta picha yangu ya kwanza, akaziweka simu mbili pamoja mbele ya baba yake.

“Baba, angalia. Ya mama iliwekwa Jumatano, hii ya wizi imewekwa jana. Ni picha moja, wamemkata tu huyu ameshika kamba. Na hawasemi mbuzi ni wa nani, wala waliibiwa wapi.”

Mzee akazilinganisha mwenyewe, halafu akasema tufunguliwe, lakini mama aombe msamaha. Nikaomba. Nikasema nimetuma kitu ambacho sijafungua na nimewatia wasiwasi nyumbani kwao. “Lakini kwa mbuzi siombi,” nikasema, “mbuzi ni wangu.” Nikawageukia wale wa simu: mkiweka hiyo video, wekeni mpaka geti linafunguliwa.

Hawakuweka. Mpaka leo niko huko mtandaoni nimesimama nje ya geti, na watu wananishauri nibadilishe namba, nijifiche. Sijifichi. Linki sitamtumia mtu kabla sijaifungua, hata bando iishie hapo, na nilipo mtajua nikishaondoka. Harusi tulifanya na ilipendeza sana, na picha hamtaziona. Anayetaka kumwona mke wa Kyalo aje nyumbani, apige hodi, anywe chai.