Kifaru cha Kiilu na Redio ya Mama Hirad

Mume wangu Kiilu alikuwa fundi wa mitambo ya redio katika reli kwa miaka ishirini na mmoja. Siku walipompunguza kazini pamoja na wenzake, walimpa kompyuta kuukuu ya ofisini badala ya saa ya ukutani. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana nyumba yetu ya Makongeni ilikuwa nyumba ya kazi, na kazi ikiisha unatoka. Barua ilisema tuwe tumeondoka kufikia tarehe thelathini na moja Oktoba, mwaka wa tisini na saba.

Mwanamume mwingine angetafuta mkokoteni. Wangu alikwenda soko la mitumba la Gikomba akarudi na kifaru cha vita cha kuchezea, cha rimoti, mzinga umevunjika. Nilikaa kitandani nikamwangalia. Mtu wa miaka arobaini na tisa, ana binti sekondari, amenunua kifaru.

Lakini alikuwa na akili yake, nakiri. Viwandani, wakitaka kupitisha waya chini ya sakafu, walikuwa wakivunja simiti. Kiilu aliona kifaru kile kinaweza kutambaa ndani ya bomba kikivuta kamba, kisha waya ukafuata kamba. Na kwa kuwa ndani ya bomba hukioni, aliandika programu katika ile kompyuta yake: nenda mita tisa, pinda kulia, simama. Kompyuta inaiambia rimoti, rimoti inakirushia kifaru amri hewani. Miezi mitatu nilikisikia kikienda na kurudi katika mtaro wa nyuma ya nyumba, chini ya slabu ya simiti, na hakikukosea hata mara moja.

Habari zikamfikia Phares, msimamizi wa mafundi katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Akaja, akaona, akapenda. Alisema Kiilu atapata kazi, pamoja na vyumba viwili kule Tassia ambako kiwanda kiliwapangia mafundi wake. Sharti lilikuwa moja.

"Ifanye kazi na kompyuta yetu, si hiyo mzee yako," alisema.

Jumatatu akaleta kompyuta mpya kabisa, Kiilu akahamishia programu yake humo. Angerudi Jumamosi saa nane mchana kuangalia, na baada ya hapo tungebaki na siku sita za kuwa na paa.

Jumatatu hiyohiyo kifaru kikaingiwa na wazimu. Kikiambiwa nenda, kinatetemeka. Kikiambiwa pinda, kinazunguka palepale kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kiilu alitoka nje, akainua macho, akaona waya mrefu juu ya paa la jirani.

Jirani zetu walikuwa Magan na mkewe Shamso, Mama Hirad, wauzaji wa vitambaa kwa jumla. Jumapili, siku moja tu kabla, walikuwa wamefunga redio ya kuongea na kwao Somalia, ile wanayoiita taar. Kina mama walikuwa wakikaa mlangoni kwao wakingoja zamu ya kusikia sauti ya ndugu.

"Ni hiyo redio," Kiilu alisema. "Inafunika rimoti yangu."

"Lakini Baba Nzisa, ukishika rimoti kwa mkono, mbona kifaru inakutii? Na hao wanaongea sasa hivi."

"Kwa mkono niko karibu. Wewe unajua nini mambo ya redio?"

Kweli, nilijua nini? Nikanyamaza. Nimekujutia huko kunyamaza kwangu kuliko maneno yote niliyowahi kusema, na mimi ni mtu wa maneno mengi.

Siku nne alipigana na hewa. Alizungushia nyaya karatasi za sigara zile za kung'aa, akabadilisha masafa, akahamisha meza pembe hadi pembe. Kompyuta mpya hakuishuku. Kitu kipya kina kosa gani? Chakula nilikuwa nakitoa kama nilivyokipeleka. Ijumaa alasiri nilimkuta ameketi juu ya slabu, kifaru mapajani, analia. Hata babake tulipomzika hakulia.

"Mama Nzisa, tutaenda wapi?"

Nikajifunga leso nikaenda kwa Shamso. Magan alikuwepo. Niliwaeleza yote, barua, Phares, nyumba, kisha nikaomba: kesho wazime redio, saa nane mpaka saa tisa, saa hiyo moja tu.

Shamso aliweka chini kitambaa alichokuwa akikunja.

"Mama Nzisa, kesho saa nane mama yangu anakuja kwa redio. Sijasikia yeye miaka sita. Anatoka mbali, siku mbili kwa lori."

"Hamwezi kuwaambia iwe saa tisa?"

"Watu wa redio ya huko wanafungua saa nane tu. Leo hatuwezi kupata wao."

"Haiwezekani," Magan alisema.

Ningeondoka hapo kama ningekuwa na haya. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu haina haya hata kidogo. Nilimshika Shamso mikono yote miwili nikamwambia tutalala nje na binti yangu. Akazungumza na mumewe Kisomali, haraka haraka, Magan akatazama ukuta.

"Atangoja," Shamso akaniambia. "Mama yangu anajua kungoja."

Jumamosi saa nane kamili Magan alizima. Alitoka mlangoni akaninyooshea kidole gumba, akarudi ndani. Phares alikuwa amesimama kando ya mtaro na saa yake mkononi. Kiilu akabonyeza, na kifaru kikatetemeka, kikazunguka, kikagonga ukuta wa mtaro, kikapinduka.

Redio ilikuwa imezimwa, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumu. Kiilu alisimama ametoa macho. Kisha nikamwona akigeuka polepole kuiangalia kwa shaka ile kompyuta mpya, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Inahesabu," alisema.

Kumbe katika programu yake, baada ya kila amri, kompyuta ilikuwa inahesabu mpaka elfu tatu kukipa kifaru nafasi ya kusikia na kutenda. Ile kuukuu ilihesabu taratibu, kama mtu mzima. Hii mpya ilimaliza elfu tatu kabla hujapepesa jicho, ikarusha amri ya pili juu ya ya kwanza. Kiilu aliongeza sufuri moja. Nikamwona akiiweka kwa kidole kimoja, elfu tatu ikawa elfu thelathini.

Kifaru kikaenda mita tisa, kikapinda kulia, kikatokea upande wa pili kikivuta kamba. Phares alimpa Kiilu mkono, akasema Jumatatu aanze.

Ilikuwa saa nane na robo. Naijua kwa sababu niliangalia saa ya Phares. Mlango wa Shamso ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwangu. Na mimi nikafanya nini? Nikakumbuka mgeni hajanywa kitu. Niliwasha jiko nikateleka maziwa, nikaimba, nikamkaribisha Phares chai na mandazi, nikajaza kikombe tena. Nilipokumbuka kwamba kuna watu wamekaa mbele ya redio iliyozimwa kwa ajili yangu, Magan alikuwa ameshaiwasha mwenyewe. Ilikuwa saa tisa.

Nilikwenda. Shamso alikuwa ameketi sakafuni, mtandio wake ameushika mdomoni.

"Alikuja," aliniambia. "Aliita jina langu. Hakuna mtu anajibu. Watu wa redio ya huko wamesema lori ilikuwa inaondoka, saa nane na nusu akaenda. Alisema, kama hajibu, basi Shamso alikufa, wasifiche yeye."

Nilikaa karibu naye. Alipangusa uso akanigeukia.

"Na kifaru? Ilitembea?"

"Ilitembea."

"Mmepata nyumba?"

"Tumepata."

"Kwa hivyo ilikuwa redio yetu kweli."

Nilimwangalia machoni, na Mungu ananiona, nikasema, "Ndiyo, Mama Hirad. Ilikuwa redio yenu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi imesaidia," alisema.

Tulihamia Tassia Alhamisi. Mama yake hakupatikana tena. Walituma watu, wakauliza kila redio ya kule. Asubuhi ya kuhama, Shamso alinikatia mita nne za kitambaa cha pazia la nyumba mpya, akakikunja vizuri, akakataa malipo. Nikakipokea kwa mikono miwili.