Fulana Niliyoivaa Tindiga

Niseme mapema, nisije nikajificha katikati ya maneno: kosa ni langu peke yangu, na aliyeumia ni mtoto wa watu, wa miaka kumi na miwili. Jina langu liacheni. La mtoto nimelibadilisha, namwita Zena. Mengine yote ni kweli, na natamani yasingekuwa.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua barabara ya lami inaishia wapi. Kwetu ni mbali, upande wa Singida. Nimeosha malori Mikumi, nimevuna vitunguu Malolo, nimebeba matofali Berega. Kila mahali nakaa mpaka niishiwe maswali, kisha nahama. Nikiona mzigo umefungwa, lazima nijue ndani kuna nini. Nikiona watu wawili wananong'ona, miguu inasogea yenyewe. Ni ugonjwa, jamani!

Basi, nikatua Kilosa mjini, nikaanza kununua vyuma chakavu kwa baiskeli. Kazi nzuri sana kwa mtu wa aina yangu. Unaingia kila ua, unasalimia, unaona sufuria gani imetoboka na nani kagombana na nani.

Ndipo Mama Stela akaniona.

Mama Stela ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mikumi wanaolea watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Wengine wanalea wa kwao, wengine wajukuu, wengine yatima tu waliowaokota. Wanasaga unga wa lishe, wanakumbushana tarehe za kliniki, na mwalimu akimtenga mtoto wanamwendea shuleni watano watano mpaka aombe radhi. Mwenyewe ni mfupi, lakini ana sauti ya kuita treni ikarudi.

Wana namna yao ya kufanya kazi. Hawaendi nyumba ya mtu wakasema tumekuja kwa ajili ya dawa za mtoto. Hapana. Kila nyumba ina sababu yake ya kuingilia. Hapa mmoja anakuja kusuka nywele, pale mwingine anauza mayai, kwingine ni mwanakwaya mwenzio. Jirani akichungulia anaona mayai.

"Wewe unauliza maswali kama polisi," Mama Stela aliniambia. "Lakini mnunuzi wa vyuma anaingia ua wowote na hakuna anayeshangaa. Utatupelekea unga kijijini Tindiga, pamoja na ujumbe wa kliniki. Ukitoka nyumba yetu, unaingia ya jirani. Ukitoka hapo, ya jirani wa jirani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Sikuwahi kusikilizwa hivyo tangu niache shule.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bibi Tausi, bibi yake Zena. Mama wa Zena alifariki mtoto akiwa hajaota meno. Bibi amemlea kwa mpunga wa majaruba mawili na ukali. Mimi alinitania tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunioa au kuninyang'anya sufuria?"

"Vyote viwili, bibi."

"Basi anza na sufuria, mahari yangu huiwezi."

Zena alikuwa anameza kidonge chake kila siku saa kumi na mbili jioni, bila kukosa. Vipimo vyake vilikuwa vizuri mno, virusi vimefubaa mpaka mashine haivioni. Na alikuwa anadaka mpira wa netiboli kama ana gundi mikononi. Kitu kimoja tu hakukijua: kwa nini anameza. Bibi alimwambia ni dawa ya kifua. Akina mama walikuwa wanamsihi bibi amwambie ukweli taratibu, kwa kuwa mtoto amekua, na bibi kila mara akijibu, "Nitamwambia baada ya mavuno." Mavuno yalikuwa yanapita.

Hayo yote niliyajua. Naomba mkumbuke kwamba niliyajua!

Sasa ikaja siku ya wageni pale Mikumi. Kikundi kikapewa fulana. Nyeupe, mpya, zimekunjwa ndani ya nailoni. Mama Stela akaniita mbele za watu akanikabidhi ya kwangu. Mgongoni kwa herufi kubwa nyekundu: MHAMASISHAJI. Chini yake: MTETEZI WA WATOTO WANAOISHI NA VVU.

Jamani, nilikaribia kulia. Mimi, wa darasa la sita, nimeandikwa! Maisha yangu yote nimevaa mitumba yenye majina ya timu nisizozijua.

"Hizi ni za hapa kwenye mikutano," Mama Stela akasema. "Zikitoka hapa, zinatoka zimekunjwa."

Alisema. Simsingizii wala simtupii lawama. Alisema kwa sauti ile ile ya treni.

Jumatatu yake nilikuwa na unga wa kupeleka Tindiga. Nikaichukua fulana niikunje kwenye begi. Nikasema ngoja niipime kwanza. Nikajigeuza geuza kwenye kioo cha mwenye nyumba wangu. Mhamasishaji! Nikatoka nayo.

Na sikiliza ujinga mkubwa kuliko huo. Vyuma chakavu vina kutu na oili. Nikaona nikibeba kiroba cha vyuma fulana itachafuka. Basi kiroba nikakiacha nyumbani. Na kama huna kiroba, utaingiaje kwa jirani? Utasema umefuata nini? Kwa hiyo sikuingia kwa jirani. Nikanyoosha moja kwa moja kwa Bibi Tausi, na baiskeli nimeifuta vumbi, na kengele napiga.

Bibi alikuwa shamba, Zena shule. Nikabisha hodi, kimya. Nikaweka unga barazani. Nikiwa naugeuza mzigo nikasikia nyuma yangu sauti ya jirani, Mama Shaa, mama mwenye macho mawili yanayofanya kazi ya manane. Alikuwa anasoma mgongo wangu kwa sauti, kipande kwa kipande, kama mtoto wa darasa la pili.

"Mha-ma-si-sha-ji... Mte-te-zi wa wa-to-to... wa-na-o-i-shi..."

Na mimi nilifanya nini? Nikasimama wima, nikanyoosha mabega, ili amalize vizuri!

"...na Vi-Vi-Yu. Aaa."

Hiyo "aaa" ndiyo iliyonizindua. Si "aaa" ya mtu aliyejifunza kusoma. Ilikuwa "aaa" ya mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo siku nyingi na sasa ameuona umewekwa barazani pamoja na mfuko wa unga.

"Mama, hii fulana nimepewa tu," nikasema.

"Wala usijali baba," akasema, akitabasamu. "Siku njema." Na akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye safari nyingi.

Ungedhani nilirudi Mikumi nikamweleza Mama Stela siku ile ile. Sikurudi. Nikajiambia watu wana mambo yao, watasahau. Nikanyamaza wiki tatu. Hilo ni kosa la pili, na mimi nalihesabu kubwa kuliko la kwanza.

Wiki ya nne nikaitwa Mikumi. Nikadhani kuna pongezi. Mtanisamehe, nilikwenda nimeivaa fulana!

Akina mama walikuwa wameketi kwenye mkeka, hakuna aliyecheka. Mama Stela akanitazama kuanzia miguuni.

"Vua."

"Nivue hapa, mama?"

"Ulipoivaa ulimwonea nani aibu? Vua."

Nikavua. Mama mmoja akanirushia kanga nijifunike, nikaketi kama mwali. Ndipo nikaambiwa. Shuleni wenzake Zena walianza kuficha vikombe wakimwona. Kwenye netiboli mpira ukifika mikononi mwake wengine wanakataa kuupokea. Hakuna aliyemwambia sababu waziwazi, ila kila mtu alikuwa ameijua, isipokuwa yeye. Na yeye si mjinga. Akaacha dawa. Bibi alidhani anameza, mpaka siku anaanika mito akasikia kitu kinachakarika ndani ya sufi. Vidonge. Vya siku kumi na tisa.

Kliniki walipompima, virusi vilikuwa vimeamka.

"Tumwambie Mama Shaa ilikuwa kampeni ya vyandarua," nikasema. Mungu wangu, kichwa changu!

"Wewe umeshasomwa mgongoni," Mama Stela akasema. "Mdomo upumzike. Kesho tunakwenda wote."

Tukaenda. Bibi Tausi alikuwa uani anapeta mchele.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akaendelea kupeta.

Nani kati yenu amewahi kunyimwa marahaba? Huku kwetu hata mwizi wa kuku akisalimia anaitikiwa, kisha ndiyo anapigwa. Nikarudia. Ungo ukaendelea kupanda na kushuka. Nikapiga magoti nikaomba msamaha, nikaeleza yote, fulana, kiroba, wiki tatu za kunyamaza. Alipomaliza ungo wa kwanza akamwambia Mama Stela, "Mwambie huyo mwanamume akae kule kwenye baiskeli yake."

Hakuniita mume wangu.

Nikakaa kwenye baiskeli nikijifanya nakaza mnyororo usio na shida. Zena akaja. Alikuwa amekonda kidogo, macho makali.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Ile fulana yako nimeambiwa imeandikwa kitu."

"Ndiyo."

"Watetezi wa watoto. Watoto gani?"

Spana ikanianguka. Mimi nimeuliza maswali tangu naota meno, na sasa nimeulizwa moja, na jibu ninalo mdomoni. Nilikuwa na hamu ya kulisema, nisidanganye. Si kwa ubaya. Niliona nikimwambia nitapunguza mzigo wangu. Wangu!

"Bibi anasema kifua," akaendelea. "Anko, mimi tangu nizaliwe hata kukohoa sikohoi. Mama Shaa ndiye anakohoa, na hamezi kitu."

Nikataka kucheka, nikataka kulia.

"Swali hilo si langu kulijibu," nikamwambia. "La bibi yako. Ila mimi nimekukosea sana, Zena, na hilo nakwambia mwenyewe."

Akanitazama kama mtu anayepima samaki kama ameoza. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ungo.

"Bibi. Ukiniambia ninaumwa nini, nitameza. Usiponiambia, simezi, hata unipige."

Ungo ukatulia.

"Nikimwambia," bibi akamnong'oneza Mama Stela, lakini masikio yangu mnayajua, "atauliza mama yake alikufa na nini."

"Atauliza," Mama Stela akajibu. "Na mimi nitakuwa hapa. Kidonge anachokikataa, mama, mimi nameza cha kwangu mwaka wa kumi na sita sasa, na nimezaa wawili wasiohitaji kumeza. Mwambie. Usiposema wewe, ataambiwa kisimani."

Bibi akamvuta Zena akamkalisha kwenye mkeka, magoti kwa magoti. Nikasogea hatua moja. Nikasogea ya pili. Nilitaka kusikia, niseme uongo ili iweje?

Akaanza kuzungumza. Kwa Kisagara!

Jamani! Mimi ni mtu wa Singida. Nimekaa Kilosa najua salamu tu na jina la mboga mbili. Neno zito kuliko yote niliyowahi kuyafuata kwa miguu yangu linasemwa mbele yangu, na sipati hata kipande. Bibi alizungumza polepole, bila karatasi za kliniki, kwa lugha aliyoimbiwa utotoni. Nilidaka "dawa". Nilidaka "fulana", mara mbili, na mara ya pili wote watatu waligeuka wakanitazama. Nilidaka jina la marehemu mama yake, na hapo Zena akainamisha kichwa kwenye mapaja ya bibi, na Mama Stela akatazama pembeni.

Kuku walipita katikati yao na hakuna aliyewafukuza.

Kisha Zena akainua uso akauliza kitu kifupi. Bibi akashtuka, halafu akacheka. Akacheka mpaka mchele ukamwagika, huku machozi yanatiririka, na Mama Stela naye akacheka akijishika ubavu. Nikamuuliza baadaye, "Mama, mtoto aliuliza nini?" Akaniambia, "Hujaulizwa wewe." Hadi leo sijui!

Saa kumi na mbili Zena akaleta kikombe cha maji mwenyewe. Akameza. Akaachama akamwonyesha bibi juu ya ulimi na chini ya ulimi, kisha akaja kunionyesha na mimi, kwa dharau, kama mwalimu anayemwonyesha mjinga kwamba moja na moja ni mbili.

Vipimo vilichukua miezi kurudi vilivyokuwa. Miezi, kwa siku moja ya fulana. Netiboli alirudi, lakini marafiki wawili hawakurudi, na hao siwezi kumnunulia popote. Mama Stela amenihamishia kwenye kinu cha unga Mikumi. Sipeleki tena mzigo nyumba ya mtu. Bibi Tausi ananiitikia siku hizi, kwa "mm" tu, na mimi naipokea kama zawadi.

Sasa nawaambia nyinyi mnaofanya kazi hizi za kuwatetea watoto wa watu, nyinyi wa fulana, wa magari yenye maandishi, wa kupiga picha za watoto wamekumbatia mifuko ya unga. Nyumba ya mtu ikifunguliwa kwako, usitoke nayo barabarani. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usingoje mtoto aanze kuficha vidonge kwenye mto. Na siku ya kuambiwa ukweli ikifika, mwacheni mwenye mtoto aseme mwenyewe, kwa maneno yake na kwa lugha yake. Sisi wengine tukae kule kwenye baiskeli.