Tarumbeta la Kubonyeza

Kinanda kilikuwa kizima vidoleni na kigonjwa kooni. Ukibonyeza, vibonye vilishuka na kupanda kama siku zote, lakini sauti ilitoka ikikwaruza, mara ikakatika katikati ya wimbo, mara ikarudi kwa kishindo wakati mwimbaji amefumba macho kwa hisia. Jumamosi mbili mfululizo watu walicheka katika ukumbi wa hoteli ambamo bendi ilikuwa ikipiga. Jumamosi ya tatu mwenye ukumbi hakucheka. Alimwita kiongozi wa bendi pembeni.

Mpigaji wa kinanda hicho alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na bendi nzima ilimwita Vidole. Jina alilipata kazini. Siku za wiki alikuwa mchapaji katika duka la fotokopi, akichapa barua za watu bila kutazama vibonye: asubuhi barua za kuomba kazi, mchana za kulalamikia kuachishwa kazi. Alikuwa amechapa zote mbili kwa wingi kiasi kwamba aliweza kukisia, mtu akiingia tu mlangoni, anataka ipi.

Hakuwahi kutaka kinanda. Alitaka tarumbeta. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi hiyo tangu Vidole akiwa mtoto wa kubebwa. Alipofika miaka kumi na mmoja mjomba alimpa tarumbeta lake ajaribu. Akapuliza, likatoa mlio mfupi kama wa bata, kisha yeye mwenyewe akaanguka kwa kikohozi hadi midomo ikabadilika rangi. Ndivyo nyumba nzima ilivyojua kwamba ana pumu. Alilia wiki nzima. Mjomba akamwambia, "Kifua kikikataa, usikipigie magoti. Vidole havina pumu." Akamtafutia kinanda kikuukuu, akamfundisha noti, akamwingiza kwenye bendi, na kila mara chombo kiliponunuliwa, akaenda naye dukani kusikiliza. Kwa miaka kumi na mitano walisimama jukwaa moja, yeye kushoto, mjomba kulia.

Fundi alikifungua kinanda, akakifunga. Alisema sehemu inayotengeneza sauti imekwisha, lakini tundu la waya la nyuma bado linatoa nje amri za vidole. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kinanda kipya. Kilitakiwa kisanduku cha sauti tu: kitu kisicho na vibonye vya kupigia, chenye sauti za ala zote tumboni, unakiunganisha kwa waya na kinanda cha zamani, na vidole vyako vinakiamuru. Bei yake haifiki hata nusu ya kinanda kipya.

Kiongozi wa bendi alifurahi. Walimwita Mwenyekiti, kwa sababu alipenda vikao kuliko mazoezi. Siku ya Jumatatu alipita kwenye duka la fotokopi, akangoja wateja wapungue, akaegemea kaunta.

"Kachague wewe mwenyewe, sikio lako naliamini," alisema. "Bei isipite ile niliyokutajia. Na sharti moja tu: kiwe na tarumbeta safi."

"Tarumbeta si tunalo?"

"Tunalo. Linakula, linapanda gari, linadai mgawo wake kila Jumamosi." Akashusha sauti. "Wewe unanielewa. Mzee bado usimwambie. Ana presha yule."

Kuna watu huliita jambo hili maendeleo. Lakini kisanduku hakijawahi kumfukuza mtu kazini. Anayefukuza huwa na kiti na sauti yake mwenyewe, ila neno lenyewe anaona aibu kulitamka, basi hutafuta wa kumtamkia.

Vidole alikaa na neno hilo siku tatu. Alhamisi alipata ruhusa ya nusu siku, na akili ilimwambia aende dukani peke yake. Mazoea yakamshinda, akampitia mjomba. Tena, chini kabisa ya moyo, alitumaini kwamba mjomba angesikiliza matarumbeta ya humo na kuyacheka yote, na mambo yangeishia hapo.

Duka la vyombo vya muziki vya mitumba lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Mwenye duka aliitwa Waya. Alikuwa kijana mwembamba mwenye chuma cha kulehemu sikioni, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Visanduku vilivyolingana na bei ya bendi vilikuwa viwili. Kimoja cha kijivu, kizito, chenye vitufe vikubwa kama viberiti. Kingine cheusi, chembamba, kinang'aa, vitufe vyake vidogo kama mbegu za papai.

"Mzee, karibu kiti," alisema Waya.

"Kiti nitakaa, lakini nitawapa mgongo," alijibu mjomba. "Macho hununua rangi. Mimi nataka kusikia." Akageuza kiti, akatazama ukuta wenye magitaa yasiyo na nyuzi.

Vidole aliunganisha cha kijivu kwanza, na kinanda cha hapo dukani. Sauti ya kinanda cha kanisani ilijaa vizuri, ya piano ilikuwa na uzito. Kisha akafanya jaribio ambalo wauzaji hawalipendi: akashikilia vibonye vinne, na bila kuviachia akabadilisha sauti kwa mkono mwingine. Sauti ya kwanza ilibaki hadi ya pili ilipoingia. Akaunganisha cheusi, akafanya vilevile. Kikanyamaza ghafla kama mtu aliyesahau alilotaka kusema, halafu ndipo sauti mpya ikaja.

"Hiki kinakata," alisema.

"Kidogo tu, dada. Utakizoea. Hata ndoa watu huzoea."

"Ndiyo maana wewe unalala dukani," mjomba alisema bila kugeuka.

Waya alicheka, lakini alikuwa mfanyabiashara. "Sasa sikilizeni matarumbeta, maana hapo ndipo cheusi kinapoua." Akambonyezea Vidole lile la kijivu kwanza. Vidole alipiga noti tatu.

"Mbuzi huyo," alisema mjomba. "Na kuna mtu amemkanyaga mkia."

Kisha la cheusi. Vidole alipiga noti moja, akasimama. Akapiga tena. Ilitoka sauti ya tarumbeta hasa, shaba yenye joto, na ukikaza kidole inang'aa, ukilegeza inanong'ona. Akapiga mstari mfupi, kisha mrefu. Tangu siku ile ya kikohozi alikuwa akilitazama tarumbeta kama mtoto anayetazama keki dirishani, na sasa lilikuwa mikononi mwake, linamtii, na kifua chake kimetulia kabisa. Akasahau kwamba anajaribu. Akashikilia noti ya mwisho, nayo haikufa, ikaendelea tu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuishiwa pumzi.

Hatimaye akaachia.

"Huyo anajua," alisema mjomba, akiwa bado amewapa mgongo. "Hapumui, lakini ukumbini nani anahesabu pumzi." Akaongeza: "Ila niambie, mpwa wangu. Umepiga tarumbeta hapo sana kuliko ulivyopiga piano. Tarumbeta unalitakia nini, na mimi nipo?"

Vidole alikuwa amewahi kuchapa pia barua za kuachisha watu kazi, kwa niaba ya mabosi. Zote huanza na neno "tunasikitika". Hapa hata hilo halikumjia.

"Ni Mwenyekiti," alisema.

"Lini?"

"Jumatatu."

Mjomba aligeuza kiti taratibu. "Leo Alhamisi. Siku tatu umelibeba kifuani, na kifua chenyewe ndicho hicho." Alitabasamu, na tabasamu lake lilimuumiza Vidole kuliko tusi. "Kwa hiyo umeniita nijipimie jeneza mwenyewe, kwa kuwa najua urefu wangu."

"Mjomba, mimi nachukua cha kijivu."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa sababu cheusi kinakata nikibadilisha sauti. Na vitufe vyake jukwaani sitaviona."

"Ungekuwa huna mjomba, ungechukua kipi?"

Waya alijifanya anatafuta waya. Vidole alivitazama vile viwili, kimoja baada ya kingine. Mikono yake ilikuwa bado na utamu wa ile noti isiyokufa. Angeweza kusema uongo, na mzee angeukubali kwa heshima.

"Sijui," alisema.

"Basi hilo ndilo litakalokunyima usingizi, mama, wala si mimi." Alisimama, akavaa kofia. "Nunua kitakachokutumikia. Usininunulie mimi kisanduku. Mimi siingii humo." Akashuka ngazi polepole, mkono ukutani.

Vidole alibaki saa nzima. Aliapa kuvisikiliza vile viwili kama mtu asiye na ukoo. Alipitia nyimbo za bendi, wimbo mmoja mmoja, akihesabu ni mara ngapi katika kila wimbo lazima abadilishe sauti huku mwimbaji anaendelea. Katika mmoja zilifika kumi na moja. Cheusi kilimkata mara kumi na moja. Akachukua cha kijivu. Hata hivyo, akiwa na mzigo kwapani, hakuweza kuapa ni sikio lililochagua au ni damu.

Ijumaa alasiri walikutana mazoezini, katika darasa tupu walilokodi, madawati yamesukumwa nyuma. Mjomba alikuja kama kawaida, akaketi upande wake wa kulia, akawa anafuta tarumbeta kwa kitambaa. Vidole aliunganisha kisanduku. Wimbo wa kwanza ukaenda bila mkwaruzo, na mpiga besi akasema, "Haya, mgonjwa amepona."

Mwenyekiti aliinua mkono. "Piga tarumbeta."

"La nini?"

"Piga tu."

Akapiga. Mpiga dramu aliinama nyuma ya ngoma zake, mabega yakimtikisika. Mwenyekiti hakucheka.

"Nilikupa sharti moja."

"Ulinipa kazi ya kuchagua cha kupigia jukwaani. Hiki hakikati. Kile chenye tarumbeta zuri kinakata."

"Kwa hiyo lipo zuri, na umeliacha. Unalinda ukoo."

"Huenda," alisema Vidole. Alihisi kifua kinaanza kubana, akavuta pumzi kwanza, akaitoa. "Lakini kama unataka aondoke, mwambie wewe. Amekaa pale. Usinitume mimi, wala usitume kisanduku."

Mwenyekiti aliwatazama wote, akatazama dari, akamaliza kwa kutazama viatu vyake. "Mzee wangu," alisema, "unajua hali ya bendi. Tumeona tupumzike kidogo."

"Tupumzike nani na nani?" aliuliza mjomba.

Mwenyekiti alisikiliza mtu aliyekuwa akifagia nje.

"Wewe."

"Asante. Nilitaka kulisikia likitoka mdomoni." Akaliweka tarumbeta ndani ya sanduku lake, akabana vifungo viwili, akawaaga kila mmoja kwa mkono, Mwenyekiti akiwemo, na alipofika kwa Vidole akamshika bega tu, akatoka.

Nyumbani mama yake hakumsifu. "Umemuaibisha kaka yangu mbele ya watu," alisema akiwa anakunja nguo. "Ungenunua hicho kingine, angeondoka kimyakimya, na heshima yake."

"Angeondoka akidhani ni mimi niliyemtoa."

"Na sasa anadhani nini?"

Vidole hakujua. Alimpigia mjomba simu mara mbili, haikupokelewa.

Jumamosi saa tatu usiku ukumbi ulijaa. Kisanduku cha kijivu hakikumwangusha hata mara moja. Alibadilisha sauti kwenye mwanga hafifu bila kuinama, na mwenye ukumbi, kutoka mlangoni, alionyesha dole gumba. Kabla ya wimbo wa tatu Mwenyekiti alimsogelea. "Mahali pa mzee, jaza. Kinanda, mbuzi, chochote. Pasibaki pengo."

Wimbo ukaanza. Mwimbaji akamaliza ubeti, akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofanya kila Jumamosi, kupisha tarumbeta. Vidole aliinua mikono kutoka kwenye vibonye.

Besi na dramu zikabaki peke yao, zikitembea kama watu wawili waliomsubiri wa tatu na hakuja. Wachezaji wakapunguza mwendo. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa alitazama upande wa kulia, mahali pasipo na mtu, kisha akamnong'oneza mwenzake. Mwenyekiti aligeuka, uso umemkaza. "Jaza," alisema kwa midomo tu.

Vidole aliinua mikono juu zaidi, mbali na vibonye, ili Mwenyekiti aone vizuri kwamba haifanyi kitu. Aliishikilia hapo hadi nafasi ya tarumbeta ikaisha. Kisha, kwa kuwa mwimbaji hakuwa na kosa, akaishusha na kumpokea katika kiitikio.

Zilibaki nyimbo nyingine nne zenye nafasi kama hiyo.