Picha ya Oleta Ndani ya Mpini

Verlon Tackett alipenda sifa kuliko chakula, na huyo mtu alipenda chakula. Miaka thelathini aliendesha lori la gesi ya kupikia kwenye mashamba ya Oklahoma, na kila uani aliposhuka aliuliza lile lile: "Hamna bastola ya zamani humu? Siitaki bastola yenyewe, nataka mpini wake tu." Watu walimcheka, lakini walimletea. Mipini ya mfupa wa ng'ombe, mipini ya pembe, mipini ya mbao ambayo wenyewe walichonga majina yao kwa kisu cha mfukoni. Alipostaafu alikuwa nayo mia mbili na ushei, na mkewe Neva hakuwa tena na kabati la kuwekea sahani.

Aliouringia zaidi ni ule wa picha. Wakati wa vita vya Mjapani, askari walikata madirisha ya plastiki ya ndege zilizoanguka, wakayachonga yawe mpini, na chini ya plastiki ile angavu, pale kiganja kinaposhika, wakaweka picha ya mchumba. Vita vilipokwisha bastola ilirudishwa serikalini, mpini ukaja nyumbani. Huu wa Verlon ulikuwa na msichana wa miaka ishirini hivi, kajifunga kitambaa kichwani, anacheka, na kwa sababu ya jua amefumba jicho moja. Aliupata ndani ya kopo la misumari kwenye mnada wa shamba.

Sasa, wakusanyaji wa mipini wana sheria yao moja: skrubu haiguswi. Askari aliikaza kwa mkono wake, basi ibaki hivyo hivyo. Ukiifungua tu, mpini wako hauna tena heshima mbele ya wenzako.

Verlon aliifungua. Picha ilikuwa imeingia ukungu kwenye shavu la yule msichana, naye Verlon alitaka kushinda kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Aliketi jikoni na bisibisi, akaitoa picha, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya wino! Miwani yake ilikuwa sebuleni. Akaweza kusoma neno la juu tu, lililoandikwa kwa herufi kubwa: Oleta. Mengine nitayasoma baadaye, akajiambia, ngoja kwanza nitoe ukungu. Akailaza picha kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, akaenda kutafuta miwani. Aliporudi maji yalikuwa ya buluu.

Mtu mwenye haya angekoma hapo. Yeye akaikausha picha, akairudisha, akachanganya masizi na mafuta, akaisiliba ile skrubu ionekane haijaguswa tangu mwaka arobaini na nne. Machi ya mwaka 1996, kwenye maonyesho ya Tulsa, akapewa utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza. Gazeti likampiga picha na kuandika kwamba huu ni mpini ambao haujafunguliwa kwa miaka hamsini na miwili. Akalikata gazeti lile, akalibandika kwenye friji.

Kwenye maonyesho ya Oktoba, bibi mmoja alikuja mezani kwake na mkongojo, ameshikwa mkono na bintiye, mwanamke wa makamo aitwaye Jolene.

"Wewe ndiye Tackett wa gazetini?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu, tazama kwa raha zako. Ila usiguse."

"Usimshangae, mama," alidakia Dub Ritchey wa meza ya jirani, mtu asiyejua kunyamaza. "Huyu hata mkewe hamruhusu kugusa. Neva siku hizi anaomba kibali kuingia chumbani!"

Bibi hakucheka. Aliinama juu ya mpini, na taa ya mezani ilipompiga usoni, akafumba jicho moja. Verlon aliliona lile jicho.

"Huyo ni mimi," bibi akasema. "Naitwa Oleta Stamps. Enzi hizo nilikuwa Oleta Weems."

Dub akavua kofia. Watu wakaanza kusogea, wengine na sahani zao za maharage mkononi.

"Harlan Pogue ndiye aliyeuchonga," Oleta aliendelea. "Alikuwa fundi wa ndege huko visiwani. Kabla hajaondoka aliniuliza kama nitamkubali, nami nikajifanya sijui, nikamwambia nitafikiri. Barua yake ya mwisho ilisema, nimeweka picha yako kwenye bastola, na nyuma yake nimeandika neno nitakalokuonyesha nikirudi. Hakurudi. Mama yake hakunipenda, vitu vyake sikuviona hata kimoja." Akashika ukingo wa meza. "Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume mwema. Lakini neno lile sijaacha kulifikiria. Niliposoma gazetini kwamba haujafunguliwa, nililia, mwanangu. Nifungulie nisome."

"Mama, tatizo..." Verlon aliuvuta mpini upande wake. "Unajua sisi tuna sheria yetu."

"Sheria gani tena, we Verlon?" Dub alifoka. "Mwenyewe kaja! Fungua, bwana!"

"Fungua! Fungua!" watu wakaitikia, na mtu akamtia bisibisi mkononi.

Akasita, na watu wakadhani ni uchungu wa kupoteza heshima ya mpini wake. Mmoja hata akampigapiga mgongoni kumpa moyo. Aibu ya pale, jamani, simwombei adui. Skrubu ikazunguka bila shida yoyote. Oleta akapokea picha yake, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe, na doa la buluu lililofifia pembeni.

Akaigeuza mbele, akaigeuza tena nyuma, kana kwamba amekosea upande.

"Hakuandika kitu," alisema mwishowe, akajilazimisha kucheka. "Harlan na utani wake! Alinidanganya, na mimi zezeta nikashikilia uongo wake miaka yote hii. Nimemsumbua mtoto wangu kuniendesha maili tisini."

"Mama, basi," Jolene alisema. "Twende tukanywe kahawa."

Oleta akairudisha picha mezani, taratibu, akashukuru watu, akaondoka.

Ningependa kusema Verlon aliropoka ukweli palepale. Wapi! Alisimama kama gogo. Hakuna aliyemshuku, Dub mwenyewe alikuwa akimsifu kwa moyo wake mzuri. Sifa hizo ndizo zilizomshinda. Akaunyakua mpini na picha, akatimua mbio ukumbini na tumbo lake lile, akawakuta mlangoni, karibu na meza ya kina mama wauza mikate ya tufaha.

"Aliandika!" alihema. "Mama, aliandika. Mimi ndiye niliyefuta. Niliufungua mwaka jana nikaitia picha kwenye maji, maana nilitaka ipendeze nishinde. Wino ukatoka. Skrubu nikaipaka masizi. Gazeti lilisema uongo, na uongo ni wangu."

Kina mama wakaacha kufunga mikate. Dub, aliyekuwa amemfuata, akasema polepole, "Verlon, we. Hata mimi?"

"Alisema nini?" Oleta aliuliza.

Hapo angeweza kumtungia. Maneno mazuri yalimjia, ya mapenzi, ya kumliza bibi wa watu kwa furaha, na angeaminiwa. Lakini alikwishajichukia vya kutosha kwa siku moja.

"Nilisoma jina lako tu. Sikuwa na miwani."

"Yalikuwa mengi?"

"Mistari minne. Ule wa mwisho ulikuwa mfupi."

"Minne," Oleta akamgeukia bintiye. "Harlan huyu! Mtu ambaye barua nzima ilikuwa mistari miwili." Midomo ikamcheza.

Verlon akanyoosha mkono wenye mpini. "Chukua, mama. Nakupa."

"Hunipi wewe," alisema Oleta, akautia mkobani pamoja na picha. "Huu ulikuwa wangu kabla hujajua kutembea." Kisha akamtazama, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kufuta ulifuta kwa ujinga, hilo nitalimeza. Lakini umeniacha nimwite marehemu mwongo mbele za watu, na wewe umesimama unanitazama."

Jolene akamshika mama yake mkono, wakatoka.