Yaya Aliyebaki Kilimani

Kabla sijaja Élisabethville niliishi kaskazini, katika mji wa makaa ya mawe uliojengwa juu ya kilima. Zamani hapakuwa na mtu pale. Wazungu walipoyaona makaa walileta wanaume kutoka kila upande: Waluba, watu wa Kasai, na wengine ambao hatukujua hata wanasema lugha gani. Mwanzoni waliishi peke yao. Baadaye wakaruhusiwa kuleta wake, ndipo tukafika sisi, na watoto wakazaliwa ambao hawakujua kwao pengine ila kilimani. Nguo nyeupe hazikukaa nyeupe. Tulizoea.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa makamo. Nilimwita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyenipokea nilipokuja bibi arusi mgeni, akanifundisha kuwasha makaa yale bila kujaza nyumba moshi. Alinizalisha mtoto wangu wa kwanza. Mume wake alikufa shimoni, jiwe lilipomwangukia. Hawakuwa wamepata mtoto.

Kisha mgodi ukafungwa. Kapita, msimamizi wa kambi yetu, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba wafanyakazi na wake zao watapelekwa Élisabethville, kwenye shaba. Wajane warudi vijijini kwao.

"Kwetu ni wapi?" yaya aliniuliza.

Wazazi wake walikuwa wamekufa, na ndugu za mumewe walikwisha kumkataa.

Siku ya safari nilimshika mkono mpaka kwenye treni.

"Kapita, huyu iko dada yangu," nilisema. "Tulitoka tumbo moja."

Kapita alimjua vizuri. Alikuwa amekula bukari, ugali wetu, nyumbani kwake mara nyingi. Akatazama chini.

"Mama, mimi nitafanya nini? Muzungu iko pale anatuangalia. Nikimupandisha huyu, mimi ndiye nitabakia."

Mume wangu alivua kofia, akamwomba naye. Macho ya kapita yalijaa machozi, lakini hakutoka mlangoni mwa behewa.

"Panda," yaya akaniambia. "Mutoto anaungua na jua."

Alinipa sufuria ya sombe, majani ya mihogo, aliyotupikia ya njiani, bado ya moto. Nikapanda. Treni ilipoanza kwenda nilimwona amekaa juu ya mzigo wake, amegeukia upande wa mashimo, wala hakutupungia.

Kamalondo, mtaa wa Élisabethville, tulipewa chumba kwa fundi cherehani mmoja. Kila niliposikia sokoni mtu wa kaskazini akizungumza, niliacha nilichokuwa nachagua na kumfuata. Mmoja aliniambia nyumba zetu zimebomolewa na majani yameota mpaka midomoni mwa mashimo. Habari za yaya hakuwa nazo, wala wengine wote niliowauliza. Mume wangu alichoka, akaniambia inatosha sasa, ninajiumiza bure. Nikanyamaza nyumbani. Sokoni niliendelea kuuliza.