Programu Niliyoifunga

Mimi ni mwalimu wa fizikia Kitangari, na hasira zangu ziko karibu, wanaonijua hawabishi. Mwaka ule ziliishia kwenye kichumba kimoja nyuma ya maabara, nilikokuwa nikiunda prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa mikono yangu: chipu ishirini na kitu, nyaya, na taa ndogo za kuonyesha jibu. Ingejumlisha namba tu, lakini wanafunzi wangeona kwa macho yao kompyuta inavyofanya kazi. Mkuu wa shule alikitaka chumba hicho kiwe stoo ya maharage. Nilimbembeleza mpaka akasema, "Nakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikifanya kazi, chumba chako. Isipofanya, Jumatatu magunia yanaingia."

Fundi redio wa Mkomaindo, aliyekuwa akituletea vifaa kutoka Dar, alikuwa anasafiri kesho yake. Mchoro wa prosesa, wa kuonyesha chipu gani niagize, ulipaswa kukamilika siku hiyo hiyo. Nilikuwa na programu mbili za kuujaribia, nilizozipakua Masasi mjini. Moja nyepesi: unabofya, nyaya zinakuwa kijani, jibu hilo. Ya pili nzito, kompyuta yangu inahema, na kila nikiiwasha prosesa humo, mahali pa jibu panajaa alama za X. Maana yake: haijulikani.

"Programu gani hii isiyojua kitu?" nikafoka.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mtu wa Songea, mpole kupita kiasi, alikuwa kando yangu. "Labda inasema kweli, Mwalimu. Ukiwasha umeme, chipu za kumbukumbu zinaanza na namba gani?"

"Sifuri. Si unaona kwenye ile nyingine?"

"Nani kaziambia zianze na sifuri?"

Sisi walimu tuna ugonjwa wetu: darasani hatusemi sijui. Ukiulizwa usilolijua unasema, "Swali zuri, kalitafiti utuletee kesho," kisha unakimbilia kitabu. Nimeishi hivyo miaka mingi. Ile programu nzito niliiona kama mwalimu aliyeingia darasani bila kujiandaa, nikaifunga. "Usinichoshe," nikamwambia mwenzangu, nikaagiza chipu kwa mchoro wa kijani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Chipu zikaja, tukazichomeka kwenye ubao wa vitundu. Alhamisi nikawasha: mbili na tatu, tano! Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikazima haraka, sikutaka kuijaribu tena.

Ijumaa Mkuu akaingia, mwenzangu wa hesabu akiwa kando yangu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Haya, tuone."

Mbili na tatu: kumi na moja. Nikazima, nikawasha: sita. Nikawasha tena: kumi na tatu. Yarabi! Jasho lilinitiririka mgongoni, na Mkuu kasimama tu, mikono nyuma.

"Tatizo nini, Mwalimu?"

Nilijua. Pale pale nilijua: kumbukumbu zilikuwa zinaanza na takataka yoyote, na hesabu yangu inajumlishwa juu yake; ile tano ya Alhamisi ilikuwa bahati tu. Ningesema, "Nimekosea, nipe dakika kumi." Badala yake mdomo wangu ukasema, "Umeme, Mkuu. Umeme wa leo mbaya."

Mwenzangu akatazama sakafu.

"Pole," Mkuu akasema. "Umejitahidi." Akatoka.

Mwenzangu hakunisema. Alichukua kipande cha waya, akawasha, akagusisha mguu wa kufuta wa zile chipu za kumbukumbu, unaozirudisha sifuri, kwenye upande wa hasi, akaachia. Mbili na tatu: tano. Akazima, akarudia. Tano. Mara nane, tano tupu.

"Kamwite," akasema. "Bado yuko uwanjani, namwona."

Hata mimi nilikuwa namwona, anaongea na mpishi kuhusu magunia. Umeme ulikuwa ule ule, na kilichokosekana ni waya mmoja tu. Ningemwambia nini kuhusu ule umeme mbaya?

"Mwalimu, anaondoka."

"Mwache," nikasema.

Jumatatu niliubeba ubao wangu wa prosesa mwenyewe, nikaupeleka nyumbani, na maharage yakaingia.