Ndoo Moja ya Tope kwenye Udongo wa Mama Mkwe

Jamani, mmewahi kuona vyungu thelathini vimenywea ndani ya tanuri?

Mimi nimeona. Na chanzo ni mimi. Tuseme nusu yake.

Nafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Maji ya mto yakitiwa dawa, uchafu unatuama chini, tope laini kama uji. Tunalitupa malori kwa malori.

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi. Shimo lake la udongo lilikuwa linakaribia kwisha, na alishaapa likiisha anafunga karakana. Roho iliniuma.

"Mama, lile tope la kazini ukilichanganya kidogo na udongo..."

"Uchafu wa mabomba kwenye vyungu vyangu? Baba, usinitie aibu uzeeni."

Nikafyata mkia. Lakini mke wangu husema kichwa changu kigumu kuliko kigae.

Asubuhi moja, mama akiwa sokoni, nikaingilia uani na gunia la tope kavu. Nikachanganya ndoo moja kwenye ndoo tisa za udongo. Kipimo hicho nilishakijaribu kazini, kinakubali; ila tope likizidi, chombo hunywea motoni. Gunia nikalificha nyuma ya kuni.

Nisichojua: vifuniko alishavifinyanga kwa udongo wa zamani.

Siku ya kufungua tanuri, mteja aliyeagiza vyungu vile thelathini kasimama pale pale. Vyungu vikatoka vizima, vyekundu, ukivigonga vinalia. Ila vidogo! Kila kifuniko kilikaa kama kofia ya babu kwenye kichwa cha mjukuu.

"Nawapa mwezi mmoja," mteja akasema. "Mkishindwa, natafuta mfinyanzi mwingine."

Alipoondoka nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Niliweka tope. Ndoo moja tu!"

Mama akaangalia pembeni.

"Moja?"

"Moja, mama. Haki ya Mungu."

"Basi mbili ni zangu."

"Nini?!"

"Udongo wangu nauonja kwa ulimi kila siku, baba. Siku ile niliukuta laini, mtamu kuufinyanga. Nikatafuta, nikaliona gunia lako, nikaongeza. Ningekwambiaje, na nilishakukatalia?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Tukaanza upya, moja kwa tisa, chungu na kifuniko kutoka lundo moja la udongo. Mwezi ulipoisha, mteja alifunika vyote thelathini, akalipa. Shimo bado linachimbwa, taratibu. Na mimi siku hizi naingia na gunia langu mlango wa mbele.

Ndugu zangu, ukimficha mtu jambo kwa kumheshimu, jua naye ana ndoo zake.